Kigurudumu cha Nne

Ufa ule Asia aliugusa kwa kidole kabla hajauona kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwao Mafiga, nusu ya ndimu mkononi, jivu ndani ya kifuu cha nazi kando yake, akisugua vigurudumu vya kitanda cha Bibi kimoja baada ya kingine. Vitatu vilikwisha kung'aa. Hicho cha nne, kila alipopitisha kidole shingoni mwake, kitu chembamba kama unywele kilimkwaruza.

"Baba Chausiku," aliita. "Hebu njoo ushike hapa."

Salehe, mumewe, aliweka randa chini, akapangusa mikono kwenye shuka, akaja. Nyuma yake kitanda chenyewe kilisimama kivulini, cha mvule mtupu, matendegu manne ya kuchongwa, na viungo ambavyo hata ukivitafuta kwa kucha huvioni. Mwezi mzima alikuwa juu ya kazi hiyo. Asia naye alikuwa amekisugua kwa majani ya msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu la mtoto.

Vigurudumu vililetwa na Paulo, mpishi wa Bwana Futi, vimefungwa katika kitambaa kinene cha kijani. Bwana Futi ndilo jina watu walilompa Mdachi mmoja wa reli, kwa sababu ya futi ya mbao iliyokaa mfukoni mwake siku zote, hata siku ya kanisa. Mwaka ule ulikuwa wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro, na Wadachi walikuwa wameanza kuleta wake zao. Mke wa Bwana Futi, ndiye huyo Bibi mwenye kitanda, alikuwa na mimba ya miezi saba na joto lilimtesa. Alitaka kitanda kinachosukumika, kitoke chumbani kwenda barazani mchana, upepo wa mlimani unapoanza, na kirudi ndani jua likizama. Na vigurudumu alikuwa navyo mwenyewe. Vilitoka kwenye kitanda cha bibi yake huko kwao, na alivivusha bahari ndani ya sanduku lake la nguo.

Salehe alivipenda tangu alipovifungua. Kila kimoja kilikuwa na kikombe cha shaba cha kuvikwa mwisho wa tendegu, chini yake shingo inayozunguka, na chini ya shingo gurudumu lenyewe, dogo kama kitumbua. Shingoni palikuwa na alama ya kiwanda, jogoo aliyenyanyua mguu mmoja. "Wenzetu wanajua kazi," alikuwa amesema.

Sasa alikiinua hicho cha nne juani, akafumba jicho moja.

"Umekigonga?"

"Nimekigonga na nini, na ndimu?"

Hakucheka. Alipitisha ukucha kwenye ule ufa, akautazama kwa muda. "Ndani una ukungu wa kijani," alisema. "Ufa wa jana hung'aa. Huu ni wa miaka." Akakirudisha kwenye kitambaa. "Vaa kanga yako twende. Kitu cha watu kikiwa na kilema, mwenyewe aambiwe mapema."

Asia alivaa kanga. Baadaye alijiuliza mara nyingi ingekuwaje kama siku ile angeziba ufa kwa nta akanyamaza. Lakini mumewe hakuwa fundi wa nta.

Bwana Futi alikuwa barazani na karani wake, meza imejaa makaratasi. Salehe alivua kofia, akasimama chini ya ngazi. Asia alisimama hatua moja nyuma yake na kile kitambaa mikononi.

"Shikamoo, Bwana."

"Jambo. Kitanda tayari?"

"Tayari, Bwana, ila kuna neno moja. Kigurudumu kimoja kina ufa. Nimeona nikuonyeshe kabla sijakifunga."

Bwana Futi alikichukua. Alikitazama kwa kioo cha kukuzia, upande huu na upande huu. Mlangoni, nyuma ya pazia, Asia alimwona Bibi amesimama na mkono kiunoni, uso mwekundu kwa joto.

"Bibi yake mke wangu alilalia hivi miaka sitini," Bwana Futi alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini kikavu, kama cha mtu anayehesabu mataruma ya reli. "Miaka sitini, havikupasuka. Vimekaa kwako siku tatu, kimoja kimepasuka. Kiwanda hiki kina jina. Hakitengenezi vitu vibovu."

"Ufa wenyewe wa zamani, Bwana. Ukitazama ndani yake utaona ukungu wa kijani. Ungekuwa mpya..."

"Wewe unanifundisha mimi shaba?"

Karani alijifanya anatafuta karatasi.

"Nani amevunja?"

"Hakuna aliyevunja, Bwana."

"Nani amevunja?"

Paulo alikuwa ametoka jikoni na sufuria mkononi. Mtunza bustani alikuwa ameacha kumwagilia. Pale langoni askari wawili waliegemea bunduki zao, wakisikiliza kama watu waliokuja ngomani. Asia aliona kofia ya mumewe ikisokotwa mikononi mpaka ikawa kama kamba.

"Mimi, Bwana," Salehe alisema.

"Sema vizuri. Sauti. Hawa wote wasikie."

"Mimi Salehe bin Dadi nimekivunja."

"Andika," Bwana Futi alimwambia karani, na karani akaandika. Kisha alimrushia Salehe kile kigurudumu, naye akakidaka kifuani. "Jumamosi kitanda kiwe hapa, kina magurudumu manne. Kama hakuna, utakwenda boma."

Njiani kurudi Salehe alitangulia, kofia mkononi, mpaka walipokaribia nyumbani. Hapo alisimama, akavaa kofia yake iliyokunjamana. "Mwanangu asiambiwe," alisema.

Kesho yake kabla jua halijasimama utosini walikuwa mlimani, kwa Dominiko.

Dominiko alikuwa kaka yake Asia, tumbo moja, ingawa yeye alibatizwa misheni na Asia aliolewa na Mwislamu wa mjini. Ufuaji aliupata kwa wajomba zake, waliofua majembe tangu siku ambazo chuma kilichimbwa ardhini na kuyeyushwa hapa hapa. Kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina ndani ya kalibu, alijifunza misheni, alipotengeneza vinara vya mishumaa. Karakana yake ilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo nne, na mbele yake bonde lote la Morogoro lilionekana chini, na reli ndani yake nyembamba kama mshono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Shemeji, mbona umekuja na uso wa msiba?"

Salehe alimpa kile kitambaa. Dominiko alivipanga vigurudumu vinne juu ya fuawe, akachukua nyundo ndogo, akaanza kuvigonga shingoni polepole huku ameinamisha sikio. Cha kwanza kililia kama kengele. Cha pili kengele. Cha tatu kilitoa sauti fupi, butu. Cha nne, kile chenye ufa, hakikulia kabisa.

Akakiweka hicho cha nne ukingoni, akakipiga pigo moja. Shingo ilikatika. Ndani palikuwa na matundu matupu, kama sega la nyuki.

"Angalia," alisema. "Shaba ilimiminwa haijaiva, au kalibu ilikuwa na unyevu. Uso wakausugua ukang'aa. Fundi wa kule alijua, shemeji. Shaba haimfichi fundi kitu. Aliona, akapiga jogoo wake, akakiuza."

"Mbona kimekaa miaka sitini?"

"Kimekaa. Kitanda cha kizee kilichosimama mahali pamoja! Hiki chenu kitasukumwa kwenda na kurudi kila siku, na mtu juu yake." Akakinyanyua kile cha tatu. "Na hiki nacho sikiamini. Siwezi kusema kimeoza bila kukipasua, lakini mimi nisingemlaza mtu juu yake. Mwambieni mwenyewe."

Salehe alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nimwambie? Jana nimesimama mbele ya mpishi na mwaga maji nikaimba kwamba mimi ndiye mvunjaji. Leo nirudi nikaimbe ubeti wa pili?"

Dominiko alimtazama dada yake.

"Tumeambiwa tutengeneze kimoja," Asia alisema. "Tutengeneze kimoja. Tusitafute maneno."

Alisema yeye. Salehe alitikisa kichwa kukubali, na neno likaishia hapo.

Shaba ya kile kilichovunjika haikutosha. Nusu yake ilikuwa takataka, na Dominiko hakuwa na nyingine, kwani vinara vilikwisha ondoka. Asia alijua wanaume wote wawili wanafikiria kitu kimoja na hakuna atakayethubutu kukitaja mbele yake. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akashuka mlima peke yake.

Chausiku alikuwa ndani wiki ya sita. Alikuwa mwali, hatoki mpaka mavuno, na siku ya kutoka angevikwa bangili nane za shaba ambazo nyanya yake alimwachia, kama Asia alivyovikwa, na kama nyanya mwenyewe alivyovikwa kabla yake. Bangili zilikuwa kwenye kikapu darini. Asia alipokishusha kile kikapu, binti alinyanyua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka.

"Za nini, mama?"

"Baba yako anazihitaji."

"Zote?"

"Zote."

Chausiku aliuweka ukili chini. Alikuwa amekwisha sikia, maana kuta za udongo hazizuii maneno ya majirani. "Asipozipata watamfunga?"

"Watamfunga."

Msichana alichukua bangili moja, akaivaa, akauzungusha mkono wake mara moja gizani mle chumbani. Akaivua. "Nitatoka na shanga," alisema, akarudi kwenye ukili wake.

Kazi ilichukua siku mbili. Dominiko alitengeneza mfano kwa nta, akaushindilia udongo, akauchoma, nta ikatoka na nafasi yake ikabaki. Salehe alivuta mivukuto. Shaba ilipoiva, ya bangili na ya kile kigurudumu kilichovunjika pamoja, Dominiko hakuimwaga mara moja. Aliitazama, akaondoa uchafu uliokuja juu, akaitazama tena, akasubiri mpaka Salehe akakosa subira. Walipoupasua udongo, kigurudumu kilitoka na kila kitu, hata jogoo, kwa kuwa alama ile Dominiko aliinakili kwenye nta bila kuwaza. Alikigonga. Kililia muda mrefu.

"Hiki," alisema, "wajukuu wa wajukuu wao watakilalia."

Jumamosi kitanda kilifika. Bibi alikaa juu yake mbele ya watu wote, akamwambia Paulo asukume, akacheka kama msichana kilipoteleza sakafuni mpaka barazani bila kelele. Bwana Futi aliinama, akavitazama vigurudumu vyote vinne kwa zamu. Macho yake hayakuona tofauti ya kimoja na kingine.

Salehe siku ile alitembea wima. Alinunua samaki, akamchekesha binti yake kupitia dirishani, na usiku Asia alimsikia akikoroma kama zamani. Kile cha tatu hawakukitaja. Asia alikikumbuka mara moja tu, akisonga ugali, akajiambia kwamba Dominiko naye ni binadamu, sikio huweza kukosea.

Siku ya kumi na moja, mchana, Paulo alikuja mbio bila kofia. Alisimama uani, mikono kichwani.

"Fundi, ondoka. Ondoka sasa hivi, nenda popote."

"Kuna nini?"

Kitanda kilikuwa kikivuka kizingiti cha baraza, Paulo akisukuma kichwani, Bibi amelala ubavu. Tendegu la miguuni lilipogusa sakafu ya baraza lilizama kwa kishindo. Bibi aliteleza, akaanguka kwenye saruji kwa tumbo. Mganga aliitwa. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, na hakulia.

"Kigurudumu gani?" Salehe aliuliza.

"Nitajuaje, fundi? Vyote vina jogoo!"

Salehe hakuondoka. Alinawa, akavaa kanzu safi, akaketi kizingitini kungojea. Askari walipofika walimkuta hivyo, na mmoja wao, kwa kukosa wa kumkimbiza, alimpiga kofi tu.

Shauri lilisikilizwa boma siku ya tatu, asubuhi, watu wamejaa uwanjani. Bwana Shauri, Mdachi aliyeamua kesi za wilaya, alikuwa mezani chini ya bendera, na mbele yake kigurudumu kilichokatika shingo kimewekwa kando ya vitatu vizima. Asia alisimama mbele ya watu, na Dominiko kando yake, ameshuka mlimani alfajiri bila kula.

Kwanza ilisomwa karatasi ya karani. *Mimi Salehe bin Dadi nimekivunja.* Watu wakanung'unika. Salehe alijaribu kueleza kwamba maneno yale yalikuwa ya kigurudumu kingine, na ya siku nyingine.

"Kingine kipi?" Bwana Shauri aliuliza.

"Kile chenye ufa, Bwana. Nilikitoa nikaweka kipya. Kipya ndicho hiki hapa." Alikiinua bila kusita, maana hata usiku angekijua kwa mkono. "Hiki kimefanywa hapa hapa, na ni kizima. Kilichomwangusha Bibi ni cha kwao, cha kiwandani. Kitazameni ndani, mtaona matundu."

Bwana Shauri alivishika viwili, kimoja kila mkono. Jogoo huku, jogoo huku. Alimpa Bwana Futi, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kutolala, naye hakuvitazama.

"Na cha nne cha Bibi kiko wapi?"

"Kimeyeyushwa, Bwana."

"Kwa hiyo umeiba mali ya Bibi, ukaweka ya uongo, ukaibandika alama ya kiwanda."

"Niliambiwa nitengeneze..."

"Nani amesubu? Wewe ni seremala. Seremala hasubu shaba. Nani?"

Asia alisikia pumzi ya kaka yake ikipanda. Alisikia mguu wake ukisogea kwenye mchanga. Hapo mkono wake yeye Asia ukaenda wenyewe, ukakamata shati la Dominiko kwa nyuma, ukalisokota, ukalishikilia kwa nguvu zote. Huyu ndiye mjomba wa mtoto wake, na ndiye mwenye ardhi ya ukoo. Mama yao alimwachia huyu mmoja tu. Hakuyafikiri hayo. Mkono ndio uliofikiri.

"Ni mimi, Bwana," Salehe alisema. "Nimesubu mwenyewe."

Alihukumiwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na mnyororo miezi sita. Viboko vilipigwa pale pale. Askari alihesabu kwa sauti, na watu waliozoea kuhesabu pamoja naye siku nyingine, siku ile hawakuhesabu. Mpaka kile cha mwisho Asia alikuwa bado ameshika shati la kaka yake, na alipoachia, vidole havikukunjuka.

Mavuno yalipofika Chausiku alitolewa nje na shanga, na ngoma ilichezwa ndogo, kwa kuwa haifai kucheza kubwa baba akiwa kwenye mnyororo. Salehe alikuwa amepelekwa mbele, upande wa Kilosa, kubeba vyuma vya reli. Dominiko alikuwa akituma mahindi na maharage kutoka mlimani kila wiki. Hakuja mwenyewe.

Siku moja baada ya mavuno Paulo alibisha hodi. "Bibi anakuita," alisema. "Bwana hayupo, amekwenda Kilosa."

Asia alikwenda akidhani anakwenda kufungwa yeye. Alimkuta Bibi kwenye kiti chumbani, amekonda, nywele hazikusukwa. Masanduku yalikuwa wazi sakafuni, nguo nusu ndani nusu nje. Kitanda kilikuwa pale pale ukutani, pembe moja imewekewa matofali. Bibi alisema kwa lugha yake, na Paulo, akiwa mlangoni, akatafsiri huku anatazama miguu yake.

"Anasema umwonyeshe chenu ni kipi."

Asia alipiga magoti, akakigusa. Bibi alishuka kitini, akapiga magoti naye, taratibu, kama mtu mwenye jeraha. Alikizungusha kile kigurudumu kwa kidole. Alivizungusha vile viwili vingine. Akarudi kwa kile cha Dominiko.

"Nzuri," alisema mwenyewe, kwa Kiswahili. Kisha akauliza jambo refu, na Paulo akachelewa kutafsiri.

"Anauliza kama mlijua. Kile kilichovunjika. Mlijua kibovu kabla?"

Paulo alimtazama Asia kwa macho ya kusihi. Neno moja lilitosha. Angesema *Hapana*, akarudi nyumbani. Asia alimwona yule mwanamke karibu kuliko alivyopata kumwona Mzungu yeyote, vinyweleo vya mkono wake, kifungo kimoja kilichokosekana kwenye gauni kifuani, mahali ambapo mtoto angenyonya.

"Tulishuku," alisema. "Kilitoa sauti mbaya. Tuliambiwa tuseme."

Paulo alitafsiri kwa sauti ya chini.

"Anauliza, kwa nini hamkusema?"

"Mwambie tulisema. La kwanza tulilisema pale barazani, naye alikuwa nyuma ya pazia akisikia, na mume wangu akalazimishwa kuapa kwamba ni yeye aliyevunja. Basi la pili tukalimeza. Na mwambie aliyeshauri limezwe si mume wangu. Ni mimi."

Ilimchukua Paulo muda. Alipomaliza, Bibi alibaki amepiga magoti, mkono juu ya ubao wa mvule. Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, kama maji yanavyovuja kwenye mtungi. Asia naye alilia, wakiwa hapo sakafuni wawili, na hakuna aliyemshika mwenzake. Mwishowe Bibi alinyanyua mkono, akaelekeza mlangoni.

Wiki ile ile aliondoka kwa gari la moshi kwenda pwani, na kutoka pwani kwenda kwao. Kama alimwambia mumewe neno, au hakumwambia, hakuna ajuaye. Kifungo cha Salehe hakikupunguzwa hata siku moja.

Alirudi mwanzo wa mvua za vuli. Asia alikuwa akipepeta mchele, akamwona mzee amesimama uani, akataka kumwamkia, ndipo akamtambua. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, na vidole viwili vya mkono ule, vilivyobanwa na chuma cha reli, havikukunjika tena. Chausiku alimletea maji. Alikunywa, akamshukuru kama mgeni anavyoshukuru.

Kesho yake alichukua randa. Asia alimwangalia kutoka jikoni. Ubao ulikuwa laini, wa mninga, usio na fundo. Alisukuma mara moja, ubao ukachanika. Alisukuma mara ya pili, akitumia kiganja. Kisha aliirudisha randa kwenye sanduku pamoja na patasi na tezo, akafunga, na mwisho wa mwezi sanduku lilikuwa la seremala mwingine wa Kihonda.

Walihamia mlimani, kwenye ardhi ya ukoo wa Asia, ambako Dominiko aliwakatia kipande juu ya kijito. Siku ya kuwaonyesha mpaka, Dominiko aliongea na miti na mawe, wala hakuweza kumtazama shemeji yake usoni. Alipokwisha ondoka, Asia alisema kile alichokibeba miezi yote ile.

"Siku ile boma, kaka alitaka kusema. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimshika shati."

"Nilikuona," Salehe alisema.

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimewageukia, utakosaje kuonekana? Ungemwachia, tungefungwa wawili, na ninyi mngekula nini?" Aligusa jiwe la mpaka kwa mguu. "Lakini ningependa unitazame mimi. Ulikuwa ukimtazama yeye."

Asubuhi iliyofuata walianza kulima, mvua imelainisha udongo. Salehe alilima kwa mkono wa kushoto, jembe likienda upande, na Asia alipunguza mwendo wake bila kuonyesha kwamba anapunguza. Walifika katikati ya tuta la tatu ndipo Salehe alipoegemea mpini.

"Mama Chausiku. Yule mtoto alikuwa mume au mke?"

Katika watu wote waliosema juu ya shauri lile, sokoni, boma, na msibani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hivyo. Asia alijua kwa sababu Paulo, aliyechimba kaburi, alimwambia.

"Wa kike," alisema.

Salehe alitikisa kichwa.

"Wa kike," alirudia, akainua jembe.